Mama Mojamoja na Sigara ya Mgonjwa

Jina lake kamili, kwa jinsi anavyotaka litajwe, ni refu: Mama Mojamoja, binti wa Fundi Baiskeli, mjukuu wa yule bibi aliyefyatua matofali ya zahanati kwa mikono yake, yeye mwenyewe aliyelea wadogo zake mama yao alipofariki, aliyeolewa na mtia mafuta mashine wa kiwanda cha nguo, aliyeezeka nyumba bati na kumsomesha binti ushonaji kwa kuuza sigara moja moja. Ukimwita kwa kifupi hakatai, ila atakutazama kidogo, kama mtu aliyepunjwa chenji.

Ni wifi yangu. Huyo mtia mafuta ni kaka yangu, tumbo moja, na kiwandani walimwita Fundi Mafuta kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzunguka na kopo lenye mdomo mrefu, akizitia mafuta mashine za kufuma zisilie. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuyaokota barabarani. Nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chao chenye miguu mitatu, wa nne ukiwa tofali.

Wifi alikaa mbele ya geti la kiwanda, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, sinia magotini. Kwenye sinia palikuwa na peremende, viberiti, wembe, na katikati sigara, zimesimama ndani ya kikombe cha bati. Hakuuza pakti. Hata angetaka asingepata mnunuzi, maana mlango ule haukuruhusu pakti wala kiberiti kuingia. Mlinzi alipapasa mifuko ya kila mtu, mkubwa na mdogo, kwani pamba ikishika moto hamna wa kuizima. Mtu akifika mapema alinunua moja, akaivuta ukutani, akakanyaga kipisi, king'ora kikalia, akaingia. Akitoka, moja tena kabla hata hajakung'uta nyuzi kichwani. Ndiyo maana ya jina lake.

Sasa, kuhusu majina ya sigara zenyewe. Wazee wa kwanza kabisa, walioingia kiwandani wakati mashine zikizungushwa na mikanda ya ngozi, walisema sigareti. Walilitamka polepole na kwa heshima, kama wanaomtaja mkwe. Kisha akaja nyapara mmoja mwenye shingo fupi, ambaye aliona kuvuta ni uvivu. Akawa anasimama karibu na geti kusikiliza nani anaomba nini. Watu wakaacha kusema sigareti, wakasema chaki. "Mama, nipe chaki." Ikaenda hivyo mpaka siku nyapara alipomshika mtu bega akamuuliza, "Wewe ni mwalimu wa shule gani?" Chaki ikafa palepale. Ikaja kijiti. Kikaja kipindi cha mshumaa, ambacho kilidumu sana, kwa sababu nyapara mwenyewe alikuwa ameanza kuvuta na alihitaji neno la kuombea.

Fegi ililetwa na vijana, nao waliipata kwa madereva wa malori ya marobota ya pamba. Wazee hawakuipenda. Nakumbuka mmoja akimuuliza kijana, "Mwanangu, hilo ni jina la kitu cha kuvuta au la kidonda?" Lakini fegi ilikaa. Pamoja nayo likaja pafu, la mtu asiye na kitu anayeomba avute mara moja tu kwenye ya mwenzake. Wifi hakulipenda pafu hata kidogo. Alisema ni neno la watu wanaotaka kuoa kwa zamu. Siku hizi ndiyo usiseme: wajukuu wanavuta kitu cha kuchaji, kama simu, na umeme ukikatika wanakuwa wakali bure.

Wifi yangu aliyajua yote hayo, na kwa neno lako alijua uliajiriwa lini. Palikuwa na mzee mmoja wa chumba cha mizani, aliyeogopa kupunguzwa kazi kwa ajili ya umri. Akapaka nywele piko, akavaa kofia ya kijana, akaja getini kifua mbele. "Mama Mojamoja, naomba sigareti."

Wifi akampa, akamwambia taratibu, "Kichwa umekipaka piko, shemeji. Ulimi umeusahau."

Watu walicheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kutazama. Mzee naye alicheka, ila toka hapo akawa ananyoosha vidole viwili tu bila kusema kitu.

Kulikuwa na sigara moja ambayo haikupewa jina la utani na kizazi chochote. Mfanyakazi akilala mgonjwa nyumbani au hospitali, wenzake wa zamu walikwenda kumwona wakitoka kazini, na kila mmoja alimwachia sigara moja. Hampi mkononi. Anaiweka chini ya kisahani au ukingoni mwa kitanda, anasema pole, anaondoka. Walianza zamani, wakati mgonjwa hakulipwa na hakuwa na wa kumnunulia, na kwa kuwa wote walifanya hivyo, hakuna aliyejiuliza tena. Asiyeacha sigara alionekana hakuja. Getini waliiomba kwa sauti ya chini: "Ya mgonjwa, mama." Wifi aliposikia hivyo hakuchukua ya juujuu. Aliingiza vidole kikombeni akachagua isiyopinda, isiyomwaga tumbaku. Akaigonga kichwa chake juu ya ukucha wa dole gumba ili tumbaku ishuke na kukaza, akaibana kidogo na ukucha huohuo, akatoa. Ukucha huo una ufa. Ulipasuliwa na mnyororo wa baiskeli akiwa msichana, karakanani kwa baba yake, haukuungana tena. Na hakuuliza mgonjwa ni nani. Alisema kuuliza getini ni kumtangazia mtu ugonjwa wake.

Kisha kifua cha kaka yangu kikaanza.

Kwanza kilikuwa kikohozi cha vumbi, kile ambacho nusu ya kiwanda walikuwa nacho. Halafu akawa hawezi kupanda ngazi ya chumba cha mashine bila kusimama katikati akijifanya anakagua nati. Siku moja alikaa chini karibu na mashine yake akashindwa kuinuka, wakamleta nyumbani kwa mkokoteni wa marobota. Alitania hata siku hiyo. Alisema amekuja kama mzigo wa daraja la kwanza.

Tulikwenda naye hospitali, mimi na wifi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Alituonyesha picha ya mapafu akaeleza polepole. Kisha akamgeukia wifi, si kaka. "Mama, usije kuniambia amepunguza sigara. Kwa kifua hiki hakuna kupunguza. Hata moja inamrudisha hapa, na akirudi hapa siahidi kitu."

Wifi akaitika, "Nimekuelewa, daktari."

Jioni hiyohiyo alikusanya sigara zote zilizokuwa nyumbani, mzigo wake wa biashara, akaja nao kwangu kichwani. Nikaufungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Kuanzia hapo alipita kwangu asubuhi kujaza kikombe, akapita tena kurudisha zilizobaki. Ndani ya nyumba yake hapakuwa na hata harufu, au ndivyo tulivyodhani. Kuacha biashara yenyewe hakukuwa jambo la kuzungumzwa. Kaka hakuwa na mshahara tena, na sinia lile ndilo lililonunua chakula na dawa.

Lakini hakupata nafuu. Ugonjwa ulizidi. Alfajiri unamsikia kutoka uani anavyovuta pumzi kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Wifi alimkalisha, akamsugua mgongo, akampa dawa, akamwachia maji, akakimbilia geti kuwahi king'ora. Mchana anarudi kumgeuza, kisha geti tena. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili na kubaki. Kwanza alilaumu dirisha, akaliziba kwa maboksi. Akalaumu godoro, akalianika. Siku nyingine alinishikia chupa ya dawa mbele ya macho akaniuliza, "Wifi, hizi haziwezi kuwa za bandia?"

"Zimetoka dirisha la hospitali, wifi. Tulizipokea pamoja."

"Basi kuna kitu."

"Ugonjwa ndio kitu chenyewe."

Alikuwa amechoka hata kubishana, naye ni mtu wa kubishana.

Alasiri moja nilikwenda kukaa na kaka wakati wifi akiwa getini. Alikuwa amelala kwa ubavu, ameelekea ukutani. Nikaona rafu ina vumbi, nikachukua kitambaa. Juu ya rafu lilikaa lile kopo lake la mafuta, alilopewa alipoacha kazi, limekauka siku nyingi. Nilipoliinua nipanguse chini yake, kitu kikachakacha ndani. Nikafungua kifuniko. Sigara, zimepangwa wima, kavu, safi.

"Kaka."

"Naam."

"Hizi ni za nani?"

"Za wageni."

"Wageni gani hao wanaosahau sigara ndani ya kopo la mafuta?"

Akasema bila kugeuka, "Usimwambie wifi yako."

"Unavuta saa ngapi?"

"Akienda. Naegemea dirishani." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Si nyingi. Ni zile wanazoniachia tu."

Nilichukua moja nikaisogeza mwangani. Karibu na kichwa chake palikuwa na alama ya kubanwa, mistari miwili midogo, mmoja pembeni mwa mwingine, kama njia ya mkokoteni. Nikachukua nyingine. Ileile. Zote zilikuwa hivyo. Niliifunga moja kwenye pindo la kanga, nikaenda geti la kiwanda, na mimi si mtu wa kutembea haraka.

Wifi aliniona tangu mbali akainuka. "Amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Kaa."

Nikamfungulia pindo. Aliitazama sigara, akaigeuza, akaiweka juu ya dole gumba lake. Ufa wa ukucha uliingia kwenye ile alama kama kitasa na ufunguo wake.

"Ziko ndani ya kopo lake la mafuta," nikamwambia. "Anasema ni za wageni."

"Ya mgonjwa ni ya yule mpanga nyuzi mwenzao wa kiwandani," akasema, kama anayenieleza mimi nisiyejua. "Amelazwa. Wanampelekea yule."

King'ora kikalia. Lango likafunguliwa, wanaume wakaanza kutoka wakipapaswa mmoja mmoja. Wa mbele alikuwa mtia rangi nguo mmoja tuliyemwita Buluu, maana mikono yake haikutakata hata Ijumaa. Alisogea kama kawaida, akainama kidogo, akateremsha sauti.

"Shikamoo mama. Moja yangu, na moja ya mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa gani?"

Buluu alisimama wima. Katika miaka yote hajawahi kuulizwa. Akanitazama mimi, akamtazama wifi. "Mgonjwa. Fundi."

"Fundi yupi?"

"Fundi Mafuta, mama. Mzee wako."

"Na yule wa nyuzi?"

"Yule alishatoka hospitali, yuko kwao na wajomba zake. Hatumpati tena."

Wengine walikuwa wamefika nyuma yake. Wifi hakupandisha sauti. "Mlijua daktari alisema nini?"

"Tulisikia," akasema Buluu. Alikuwa anakwaruza rangi kwenye kiganja. "Tukasema huenda ni maneno ya madaktari. Halafu tukaja hapa, ukatuuzia. Tukaona mwenye nyumba ameridhia. Sisi ni nani? Na tena mama, unatuchagulia nzuri."

"Nawachagulia nzuri," wifi akarudia.

Kijana mmoja wa nyuma akajaribu kupooza mambo. "Basi kuanzia leo tumpelekee peremende."

"Mpelekee dada yako," mwenzake akamwambia, na hakuna aliyecheka.

Wifi alinipa sinia, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Zamu nzima ilikuwa bado inatoka, fedha za siku ile zote zilikuwa bado kwenye mifuko ya watu, naye akaondoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo, hata alipokuwa na mimba. Nikamfuata na sinia lake kichwani.

Kaka alisikia hatua akajua. Alikuwa amejikalisha, mto nyuma ya mgongo.

"Umefunga mapema," akasema.

"Nimeishiwa."

"Sigara?"

"Nguvu."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mgongo ukimwelekea. Mimi nilibaki mlangoni, kwani kuondoka kungekuwa na kelele zaidi ya kubaki. Kaka akaanza kusema, akikatisha kila mahali kupata pumzi.

"Wanakuja, wanakaa. Hawana la kusema. Na mimi sina. Wanaweka pale, wanasema pole. Nikikataa nimewakataa wao. Mimi nimewapelekea wangapi? Siku zote hizo."

"Uliowapelekea," wifi akamuuliza, "wangapi wako hai?"

Kaka alifikiri kweli. Nilimwona akiwapitia mmoja mmoja. "Yule wa mizani," akasema mwishoni. "Mwenye piko."

"Na yule hakuwa na kifua. Alivunjika mguu."

"Alivunjika mguu," kaka akakubali.

Wifi akajifuta uso kwa kiganja. "Na hukunionea huruma? Nakusugua mgongo alfajiri, naziba dirisha, wewe nikiondoka unalizibua."

"Wewe umewauzia wanaume wote wa kiwanda. Mimi peke yangu ndiye nisiguse?"

"Wale si waume zangu."

Hapo kaka akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilikuwa kirefu. Wifi alimshika mabega mpaka kikapita, akamsogezea kikombe cha maji mdomoni. Kaka akanywa. Halafu akamshika mkono ule uliokuwa na kikombe, asiuachie, akauvuta karibu na pua yake.

"Hii," akasema. "Nitakuambia ukweli, mama watoto. Wale wageni nikiwazuia nitaweza. Hii siwezi. Ukinipa maji nainusa. Ukinifunika shuka nainusa. Hata usingizini. Wewe mwenyewe ndiye pakti yangu."

Wifi akautazama mkono wake kama si wake.

"Nikiacha geti tutakula nini? Dawa nitanunua kwa pesa gani?"

"Sijui," akasema kaka. "Sikusema najua."

Wifi alikwenda uani. Nilimkuta amechuchumaa kwenye karai, anasugua vidole kwa sabuni, kisha kwa jivu, kisha kwa limau, kisha sabuni tena. Akaninyooshea mkono. "Nusa." Nikanusa. Nilitamani kumdanganya, lakini huyu si mtu wa kudanganywa. Nikatikisa kichwa.

"Miaka," akasema. "Haitoki leo wala kesho." Akamwaga maji ya karai chini ya ukuta, akakaa juu ya jiwe la kufulia mpaka giza likaanza kuingia, na hakuna mtu aliyemwita.

Asubuhi alinituma nikamwite binti yake, yule anayeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Alikuja na sindano mdomoni na futi shingoni.

"Toa sindano," mama yake akamwambia. "Kuanzia leo unakaa geti la kiwanda."

"Mama, nina sare za watu."

"Utazishona hukohuko. Chukua ile cherehani ya mkono. Yale maovaroli ya wafanyakazi hayana vifungo, mifuko imetoboka yote, na wake zao hawana muda. Nimeyatazama miaka yote nikiwa na sinia magotini. Utashona vifungo, utatia viraka, peremende na nyembe ziwe pembeni. Pesa itakuwa kidogo kuliko ya sigara, najua. Usinikumbushe."

"Na sigara?"

"Hakuna. Zilizoko kwa shangazi yako atazirudisha dukani leo." Akanitazama, nikaitika. "Watakuja wakuombe kwa majina yao. Fegi, mshumaa, kijiti, na kuna moja la vijana ambalo mimi bado sijalishika. Wote waambie hakuna. Ukisikia neno usilolijua, usimtazame mdomo. Tazama vidole. Anayetaka sigara ataanza kunyoosha viwili kabla hajasema."

"Watanisema. Watakwenda kununua kwa yule wa kona."

"Waende. Kwani nimesema nitakifunga kiwanda?" Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha mgonjwa, mgongo kwenye mwimo huu, miguu kwenye mwimo ule, ili anayepita lazima amruke. "Hapa nitakaa mimi. Ila kuna kazi moja ambayo mimi siiwezi kutoka hapa, ni yako wewe. Yeyote atakayekuja akakunong'oneza habari za mgonjwa, usimfukuze. Asije akaona tumemtenga baba yako na watu. Mwambie aje. Mwambie aje mikono mitupu, akae, hata kama hana la kusema akae tu, amtazame mwenzake. Na aliyezoea kuweka kitu chini ya kisahani, akikuuliza sasa ataweka nini, mwambie mama amesema mgonjwa hajanyolewa. Aje na wembe, amnyoe. Uza nyembe hizo, ndiyo maana nimekuwekea nyingi. Anza na Buluu. Haya, beba cherehani, zamu inaingia."